Usitume depoziti ya hiyo Datsun ya Elburgon

Usitume. Hata kama broka amekuambia kuna mtu wa Eldoret anakuja na pesa taslimu Jumamosi asubuhi. Mimi pia niliambiwa kuna mtu wa Eldoret. Chema chajiuza, hakihitaji kukimbizwa hivyo.

Umeuliza mambo matatu: kati ya Datsun 1200 na Peugeot 504 pikapu ni ipi itakufaa kubeba chakula cha kuku kutoka Kisumu hadi Ahero, spea zikoje, na bei ya haki ni ngapi. Halafu katikati, kama jambo la kupita tu, ukaandika kwamba logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, iko kwa jina la mzee aliyefariki, lakini kijana wake atakuandikia mkataba kwa wakili. Ndugu yangu, hapo ndipo kwenye swali. Hayo mengine yakae kwanza.

Nilinunua Datsun ya aina hiyo hiyo Njoro, kwa maneno hayo hayo. Gari lenyewe lilikuwa zuri, sitalisingizia. Tulichokonoa sakafu kwa bisibisi, bati likagoma kutoboka. Springi za nyuma zilikuwa bado zimesimama. Injini, ile A12 ya 1171 cc, ilishika mara moja asubuhi ya baridi na moshi ukawa msafi. Fundi wangu akasema nikiliacha atalichukua yeye. Tukakagua mpaka taa za breki. Jina lililoandikwa kwenye logbuku hatukulikagua.

Broka alikuwa na majibu kwa kila kitu. Nikiuliza matumizi ya mafuta, ananipeleka kwenye Safari Rally, Datsun walivyochukua 1970, 1971 na 1973, kana kwamba ile 240Z na hii pikapu ya kubebea viazi ni mapacha. Nikiuliza logbuku, ananiambia mzee akifariki gari ni la mtoto, nyumbani ndivyo ilivyo. Tukaenda kwa wakili mjini. Wakili akaandika hati ya kiapo, kijana akatia sahihi, muhuri ukagongwa, ada ikalipwa. Nikatoka pale nimetulia kabisa. Broka nimeshamsamehe nusu, kwa sababu kazi yake ni kuuza. Huyo wakili sijamsamehe. Alisoma sheria, alijua karatasi ile haiwezi kuhamisha gari, na aliniangalia usoni akachukua pesa yangu.

Sheria yenyewe haijafichwa. Ni Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45: mali ya marehemu haiguswi na mtu ambaye sheria au mahakama haijampa mamlaka hayo. Anayejiingiza anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, na bado atawajibika kwa msimamizi halali wa mirathi kwa kile alichokigusa. Mtoto wa marehemu, hata akiwa kifungua mimba, bila hati ya usimamizi wa mirathi ni mpita njia kama wewe na mimi. Na kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, anayeanzisha uhamisho wa umiliki ni mwenye gari, kupitia akaunti yake. Mnunuzi anakubali tu. Sasa marehemu atakuanzishia nani?

Mimi niliendesha hivyo hivyo, nikijiambia mambo ya jina yatajipanga. Kumbe mzee alikuwa na nyumba mbili. Kijana aliyeniuzia ni wa nyumba ya kwanza. Nyumba ya pili iko Subukia na hakuna aliyewaambia chochote. Mtu wao akaliona gari la baba mjini Nakuru limebeba magunia, akapiga simu nyumbani. Wakaripoti kwamba gari limeibwa, na kwa upande wao walikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikasimamishwa barabarani, gari likapelekwa kituoni.

Wale mnaocheka huko chini, chekeni, lakini msikilize huku mkicheka. Gari lililokaa yadi halibaki gari. Nilipokwenda kuliangalia, boneti ilikuwa haifungi. Kabureta haikuwapo. Mahali pake mtu alikuwa ameviringisha kitambaa cha buluu akakisukumiza kwenye tundu, na juu ya kitambaa maua ya mjakaranda yalikuwa yamelowa na kushikana. Waya za betri zilikuwa zimekatwa kwa kisu, hakuna aliyehangaika kutafuta spana.

Familia ilipofika mahakamani hatimaye, mambo yalikwenda kwa mwendo wa mahakama: barua ya chifu, majina ya warithi wote, tangazo kwenye Gazeti Rasmi, kisha kusubiri, maana kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi 6 tangu itolewe. Gari likaangukia binti wa nyumba ya pili. Mama mwenye busara, mwalimu, aliniomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya yeye. Aliniuzia kwa bei ya haki na uhamisho ukaenda kama maji. Pesa ya kwanza kijana alikuwa ameshaila, na simu ya broka haipatikani mpaka leo. Kwa hiyo Datsun moja nimeinunua mara mbili, na kabureta juu.

Nyinyi mnaotafuta magari ya zamani ndio mko kwenye hatari zaidi kuliko anayenunua Toyota Probox ya juzi juzi. Pikapu hii ilianza kuundwa mwaka 1971. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo hakuna meli italeta nyingine. Zilizopo ni zile zile walizonunua wazee wetu, walimu na wakulima wa pareto na maziwa, na wengi wao wametangulia. Ukiona namba ya usajili ya zamani, ya kabla ya zile zilizoanzia KAA, swali la kwanza liwe: mwenyewe yuko hai?

Kama yuko hai, awe mbele yako na kitambulisho chake, aanzishe uhamisho wewe ukiangalia, ndipo pesa itoke. Kama amefariki, anayeuza awe ndiye aliyetajwa na mahakama, hati iwe imethibitishwa, na gari liwe limetajwa humo kwa namba yake. Mkataba wa wakili peke yake hapana. Kiapo hapana. Neno la mjomba hapana.

Kabla ya yote fanya utafutaji wa rekodi NTSA. Mimi nililipia shilingi 550, na nililipia nikiwa nimeshachelewa. Kisha fungua boneti, usome namba ya chesi kwenye bati lililo kati ya injini na dereva. Isome mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na logbuku ikiwa mkononi. Pakiwa na dalili ya kusuguliwa au kuchomelewa, funga boneti uende.

Spea zisikutishe. A12 ni ndugu wa A14, injini ya pikapu ya Nissan 1400 iliyoundwa Afrika Kusini hadi 2008, na fundi wa jua kali mwenye mvi anaifungua akiwa anaongea na simu.

Elburgon si mbali na kwangu. Nitumie ujumbe wa faragha, nitapanda Jumamosi na fundi wangu tuitazame hiyo Datsun, hutanilipa kitu. Lakini kwanza mpigie huyo kijana leo jioni umwombe picha ya hati ya mahakama, si ya logbuku. Akianza kukueleza habari za wakili, mimi sitoki Nakuru, na wewe tafadhali usitoke Kisumu.