Redio ya teksi hainyanyui ripita

SWALI: Shikamoo fundi. Nina redio ya Pye ya zamani iliyokuwa ya teksi hapa Leicester, nimebadilisha kristali nikaileta bendi ya ridhaa ya mita 2, ripita (mtambo unaopokea na kurusha upya) naisikia vizuri tu ila nikibonya haininyanyukii, yaani haiwaki. Jamaa wameniambia inataka toni ya hezi 88.5, nikanunua bodi ndogo ya toni nikaiunga kwenye waya wa maiki, bado kimya. Bodi mbovu au redio? – Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba. Bodi sidhani kama ina shida, angalia ulipoiunga. Toni ya CTCSS, yaani hiyo toni ya kuifungulia ripita, iko chini sana, na saketi ya maiki kazi yake ni kupitisha sauti ya mtu, yaani kuanzia kama hezi 300 kwenda juu, sasa hiyo 88.5 yako inachujwa humohumo kabla haijafika popote, na kidogo kinachopona kinaenda kubanwa kwenye limita (saketi inayozuia sauti isizidi) pamoja na maneno yako.

Kuna na la pili, na hili ndo linawasumbua wengi wenye redio za kristali. Nyingi zinatumia modulesheni ya fezi, na kwenye fezi masafa ya sauti yakishuka na deviesheni (kiasi masafa ya redio yanavyoyumba) inashuka nayo, kwa hiyo 88.5 inapata pungufu mara 11 hivi ukilinganisha na sauti ya hezi 1000. Hata ukiruka maiki ukaingia kwenye modyuleta yenyewe haitatosha. Dawa ni kwenda kwenye osileta ya kristali ya kurushia, unaweka dayodi ya varikapu (inayobadilisha kapasitansi kwa volteji) pale kwenye kapasita ya kurekebishia masafa, toni inaingia hapo kupitia resista kubwa. Usiogope kwamba ni kazi kubwa, kristali ya megahezi 12 inazidishwa mara 12 kufika kwenye megahezi 145, kwa hiyo ukitaka deviesheni ya hezi 600 angani unahitaji kuisogeza kristali hezi 50 tu! Ukishamaliza rekebisha masafa upya maana dayodi lazima itayasogeza.

Kama bodi yako inatoa mawimbi ya mraba, tafadhali yachuje kwanza kwa resista na kapasita hatua mbili tatu, la sivyo zile hamoniki za juu ya 300 watu watazisikia kama mvumo chini ya sauti yako, na inakera kweli. Umeme wa bodi uwe wa kudumu, usisubiri ubonye ndo iwake.

Na kabla ya kulehemu chochote isikilize ripita ikijitambulisha kwa Morse, Uingereza ripita nyingi zinamalizia na herufi ya toni, E ndo 88.5, ukisikia G ni 103.5. Kama ripita yenu bado inakubali mlio wa hezi 1750, jaribu na huo, wenyewe unapita kwenye maiki bila tabu, ukiinyanyua basi umejua transmita yako iko sawa na kilichobaki ni toni tu.