Je, anayevujisha siri za serikali ni mhaini?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam kutoka Lindi. Hapa kwetu, kila mradi wa kusindika gesi pale Likong'o unapotajwa, mazungumzo hurudi kwenye mkataba wa kitalu cha gesi namba 2 uliovuja mwaka 2014. Wazee wengine barazani hushikilia kwamba mtumishi aliyeutoa alikula kiapo cha kutunza siri, hivyo alistahili kushitakiwa kwa uhaini. Nina mpwa wangu anayefanya kazi masjala katika ofisi ya umma, na maneno hayo yananitia hofu. Je, wazee wana haki? Naye akikutana na jambo baya katika majalada, afanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa heshima zote kwa wazee wetu, sikubaliani nao.

Uhaini ni kosa lenye mipaka yake. Kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu kinataja mambo kama kumuua au kujaribu kumuua Rais, kufanya vita dhidi ya Jamhuri ya Muungano, na kutenda jambo kwa nia ya kumsaidia adui wa nchi. Adhabu yake ni kifo, na mshitakiwa hapati dhamana. Kesi zetu kubwa za uhaini, ile ya mwaka 1970 iliyomhusisha Bibi Titi Mohamed na ile ya miaka ya 1980, zilihusu tuhuma za kutaka kuiangusha serikali. Kwa hiyo ofisa anayemuuzia adui ramani za kambi za jeshi, akijua anachokifanya, tayari anaweza kuangukia humo bila sheria kuongezwa hata neno moja.

Anayevujisha bila nia hiyo haachwi huru. Ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, ambayo chini yake kumpa mtu asiyehusika taarifa iliyowekewa daraja la siri ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtumishi gerezani. Hata Marekani, askari Chelsea Manning, aliyetoa mamia ya maelfu ya nyaraka, hakushitakiwa kwa uhaini. Mwaka 2013 mahakama ya kijeshi ilimwondolea shitaka la kumsaidia adui, ingawa ilimfunga miaka 35 kwa makosa mengine, kifungo ambacho Rais Obama alikipunguza mwaka 2017.

Sasa turudi kwenye gesi, kwa sababu ndiyo inayowasha mjadala huu huku kusini. Waraka uliovuja ulikuwa nyongeza ya mkataba kati ya TPDC, yaani Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, na kampuni ya Statoil ya Norway, na wachambuzi waliousoma walisema mgawo wa nchi ulikuwa mdogo kuliko ule wa mkataba wa mfano wa serikali yenyewe. Adui gani alisaidiwa hapo? Kampuni ilikuwa na nakala yake, na serikali ilikuwa na yake. Asiyekuwa nayo alikuwa mwananchi wa Lindi na Mtwara, ambako mwaka 2013 watu walikufa katika ghasia za kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam. Novemba 2014 hata Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilifikia hatua ya kuagiza viongozi wa TPDC wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, inayotaka mikataba ya aina hiyo itangazwe, ijapokuwa utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Tukubali basi kwamba aliyetoa waraka wa namna hiyo angenyongwa kwa jambo ambalo mwaka mmoja baadaye sheria ililifanya kuwa wajibu wa waziri? Maofisini kuna mihuri ya SIRI mingi kuliko siri zenyewe, na mwenye muhuri mara nyingi ndiye mwenye la kuficha.

Kuhusu mpwa wako, kiapo chake akiheshimu. Akiona wizi au rushwa, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anapotoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika, na kwa jambo kama hilo TAKUKURU ndiyo mahali pa kuanzia. Lakini akipiga picha ukurasa wa jalada na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp, asitegemee kinga hiyo, hata kama alichokifichua ni kweli tupu.