Mota Mpya, Puli ya Zamani: Hesabu ya Kurudisha Mwendo wa Feni

SWALI: Ndugu Mhariri, katika karakana yetu ya useremala kuna feni kubwa ya kunyonya vumbi la mbao, inayoendeshwa kwa mkanda wa V. Mota yake ya awali, iliyozunguka mara 960 kwa dakika, iliungua, tukaletewa nyingine yenye kilowati zilezile lakini inayozunguka mara 1,440. Puli ya mota ina kipenyo cha inchi 5¼ na ya feni inchi 8¾. Tulipoifunga puli ya zamani kwenye mota mpya, feni ilivuma kupita kawaida, mota ikachemka, na baada ya muda mfupi kinga yake ikakata umeme. Mwenzangu anasema kwamba, kwa kuwa mwendo wa mota umeongezeka mara moja na nusu, puli yake nayo iongezwe mara moja na nusu. Stoo tunayo puli ya inchi 3¾. Tufunge ipi, na hesabu yake inakwendaje? Fundi msomaji.

JIBU: Ndugu fundi, mnahitaji puli ya inchi 3½, na ushauri wa mwenzako usijaribiwe hata kwa dakika moja.

Mkanda usioteleza hupita kwa kasi moja juu ya puli zote mbili. Kwa hiyo kipenyo cha puli ya mota kikizidishwa kwa mizunguko yake hutoa jibu lilelile litolewalo na kipenyo cha puli ya feni kikizidishwa kwa mizunguko ya feni. Huu ni uwiano kinyume: mota ikizidi mwendo, puli yake hupaswa kupungua ili feni ibaki pale ilipokuwa.

Anza kwa kutafuta mwendo wa zamani wa feni. Geuza namba mchanganyiko kuwa sehemu guni: 5¼ ni 21/4, na 8¾ ni 35/4. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili, asili mbili za 4 zinafutana, inabaki 21/35, yaani 3/5. Feni ilikuwa ikizunguka 3/5 ya 960, ambayo ni mara 576 kwa dakika. Sasa linganisha mota zenyewe: 960 kwa 1,440 ni 2/3. Puli mpya itakuwa 2/3 ya ile ya zamani, yaani 21/4 × 2/3 = 42/12, sawa na inchi 3½. Kuhakiki, gawanya 3½ kwa 8¾ upate 2/5, kisha chukua 2/5 ya 1,440: ni 576 kamili. Napenda sana mafundi wasiruke hatua hii ya kuhakiki, kwa sababu ndiyo inayomkamata aliyegeuza sehemu juu chini. Kwa pendekezo la mwenzako, puli ingekuwa ya inchi 7⅞ na feni ingezunguka mara 1,296, zaidi ya mara mbili ya mwendo wake, na pangaboi linaloendeshwa kasi namna hiyo linaweza kupasuka na kurusha vipande.

Sababu ya mota kuchemka inastahili kuelezwa vizuri. Feni si sawa na mashine nyingine nyingi: hewa inayosukumwa huongezeka sambamba na mwendo, lakini nguvu inayohitajika huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo huo, yaani uwiano wa mwendo ukizidishwa wenyewe mara tatu. Kwa puli ya zamani feni yenu ilizunguka mara 864, ambayo ni 3/2 ya kawaida yake. Kipeo cha tatu cha 3/2, yaani 3/2 × 3/2 × 3/2, ni 27/8. Mota yenye kilowati zilezile ilidaiwa nguvu ya zaidi ya mara tatu, na kinga ilifanya kazi yake ipasavyo.

Kwa kipimo hichohicho tuipime puli ya stoo. Inchi 3¾ kwa 3½ ni 15/14, tofauti inayoonekana ndogo, kwani mwendo utapanda kwa asilimia 7 tu na feni itazunguka takriban mara 617. Hata hivyo, kipeo cha tatu cha 15/14 ni karibu 1.23, hivyo mzigo utapanda kwa takriban asilimia 23. Kama mota ya awali ilikuwa ikifanya kazi karibu na kikomo chake, nyongeza hiyo inatosha kuiunguza hii mpya polepole. Mimi nisingeifunga.

Kabla ya kuagiza puli, angalieni aina ya mkanda. Inchi 3½ inafaa kwa mkanda wa V wa aina A, ulio mwembamba, lakini ni ndogo mno kwa aina B, ulio mnene zaidi, ambao ukikunjwa hivyo huchanika mapema. Ikiwa mkanda wenu ni B, bakizeni puli ya inchi 5¼ kwenye mota na mbadilishe ile ya feni. Kwa kuwa puli ya mota iwe 2/5 ya ile ya feni, ya feni itakuwa 5/2 ya ile ya mota: 21/4 × 5/2 ni 105/8, yaani inchi 13⅛. Uwiano unabaki 2/5, na feni haitajua tofauti. Vipenyo vyote vipimwe kwa namna moja, pale mkanda unapokalia, na umeme uwe umekatwa na swichi imefungwa kwa kufuli.

Mkichagua inchi 3½, mkanda uliopo utalegea, kwa hiyo mota itasogezwa nyuma kwa inchi moja na robo hivi, au mkanda mfupi zaidi utahitajika. Rudisheni kikinga cha mkanda kabla ya kuwasha, kisha pimeni ampia feni ikiwa kazini na mlinganishe na zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Zikizidi, zimeni na mpime vipenyo upya.