Mbona “redden” ipo na “greenen” haipo?

Barua za safari hii zinahusu vitenzi vya Kiingereza vilivyozaliwa na nomino au vivumishi. Nimechagua tano.

*Mwalimu, mwanangu yuko S.2 (sekondari mwaka wa pili). Aliandika “The leaves greenened after the rain” akakatwa alama. Mbona “redden” inakubaliwa? – Mzazi, Jinja*

Mtoto katumia akili, kilichomponza ni sauti. Kiambishi “-en” hugeuza kivumishi kuwa kitenzi, kama sisi tunavyopata fupisha kutoka fupi. Lakini kina maringo. Kinataka kivumishi kifupi, mara nyingi cha silabi moja, kinachoishia na kipasuo au kikwamizo: t, d, k, p, f, s na wenzao. Ndiyo maana tuna “redden”, “blacken”, “shorten”, “deepen”. Yanayohesabiwa ni matamshi, si herufi: “ripe” huandikwa na e mwishoni, ila mdomoni inaishia na p, kwa hiyo ndizi za menvu, zile tamu za kuiva, zina haki ya “ripen”.

Kivumishi kikiishia na m, n, ng, l au irabu, kinakataliwa. Hakuna “greenen”, “brownen” wala “bluen”. Utauliza, basi “long”, “strong” na “high” zilipitaje? Hazikupita zenyewe, zilituma nomino zao: “length”, “strength” na “height”, ambazo zinaishia na th au t. Zikatoka “lengthen”, “strengthen” na “heighten”. Ujanja huo mimi unanifurahisha kila mwaka ninapoufundisha.

Kutimiza masharti nako si hakikisho. “Wet” inayo yote, na bado hakuna “wetten”. Nyingine, kama “cool”, “slow” na “dry”, hutumika kama vitenzi vilevile zilivyo. Kijana aandike “turned green”, yaishe.

*Bosi wetu kila barua pepe ni “please action this”. Hicho ni Kiingereza? – Karani, Mbarara*

Ni Kiingereza. Nomino kufanya kazi ya kitenzi bila kuongezwa chochote ni desturi ya kale: “water the garden”, “hammer a nail”. Katika tamthilia ya Richard II, ya miaka ya 1590, Shakespeare aligeuza hata “uncle” kuwa kitenzi, pale mhusika York anapomkatalia mtoto wa kaka yake asimwite “uncle”. Na “google” iliingia katika Oxford English Dictionary mwaka 2006. Kwa hiyo sheria haikuvunjwa, ila ladha imepotea, maana “action” hapo haisemi lolote ambalo “do” haisemi. Ushauri wangu: usimsahihishe kabla ya mshahara.

*“Soldiers rang the town” au “ringed”? – Gulu*

“Ringed”. Kitenzi hiki kimetoka kwenye nomino yenye maana ya duara, na vitenzi vya namna hiyo kwa kawaida huchukua “-ed”. “Rang” waachie kengele na simu.

*“Modernise” au “modernize”? – Mbale*

Zote sawa, chagua moja usichanganye. Lakini “advertise”, “exercise” na “supervise” hubaki na s hata ukiandika kwa “-ize”.

*Je, “detooth” naweza kuiweka kwenye insha? – Mwanafunzi, Kampala*

Kwa wasioishi hapa Uganda: “detooth” kwetu ni kumla mwanaume pesa huku humpendi. Kimuundo haina dosari. “De-” mbele ya nomino mara nyingi huleta maana ya kuondoa kitu hicho: samaki anakuwa “deboned”, ng’ombe “dehorned”. Hata bila “de-” Kiingereza hung’oa vitu. “Skin a goat” ni kumchuna mbuzi, si kumvisha ngozi. Kituko ni “dust”, ambayo kwenye meza ni kupangusa vumbi na kwenye keki ni kunyunyiza sukari.

Shida ya “detooth” ni msomaji. Mtu wa London atadhani unazungumzia daktari wa meno. Kwenye insha ya hadithi mpe mhusika aitamke, itanoga. Kwenye barua ya kuomba kazi, hapana.