Re: Mutoto hatulii kanisani, banasema ni pepo

Mama yetu wa Kadutu, jambo sana. Unauliza kama kupeleka mutoto wako wa miaka 8 kwa munganga ni kukosa imani, juu ba chumba cha maombi banasema iko na pepo na banataka afunge siku tatu. Hapana mama, tena hapana! Mutoto asifunge, njaa itamuongezea tu kusumbuka. Ile TDAH, ni kusema mutoto anashindwa kutulia na kukaza akili ku kitu kimoja, ni namna ubongo wake unakomaa, mara mingi inatembea mu familia, haiko zambi yako wala ya baba yake. Soma Yohana 9, wanafunzi waliuliza vilevile juu ya yule kipofu na Yesu akakatala. Na Luka alikuwa munganga!

Basi omba, na umupeleke. Hapa Bukavu tuko na SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya Frères de la Charité, najua batu banasema kule ni kwa bawazimu, wacha baseme, enda uulize nani anaona batoto.

Siku ya Mungu usimukalishe masaa yote ku benchi, ongea na mwalimu wa batoto amupe kazi, kupanga viti, kugawa vitabu vya nyimbo. Nyumbani umuangalie mu macho, umuambie kitu kimoja: "Leta ndoo." Akileta umusifu, kiisha njo useme "Sasa nawa." Ukitaja ndoo, viatu na uniforme mara moja, vyote vinapotea. Fimbo wacha kabisa.

Na wewe mama, tafuta dada moja wa kanisa mwenye hakuhukumu, akubakilie na mutoto hata mangaribi moja ulale.