Bagi linagonga chini? Uache kwanza huo mtungi

SWALI: Bagi langu, hili gari dogo la fremu ya mabomba la kuendeshea nje ya barabara, lina shokapu za upepo, zisizo na springi ya chuma. Rodi, ile fimbo inayoingia na kutoka kwenye bomba, ina unene wa milimita 32 na mwendo wake milimita 350. Nilizijaza naitrojeni psi 200, lakini kila nikitua baada ya tuta kubwa zikawa zinagonga chini, yaani rodi inazama mpaka mwisho. Fundi akazipandisha hadi 250. Kugonga chini kumepungua, ila sasa gari limesimama juu mno, linalala kwenye kona, na nikipita mashimo nasikia chuma kikigonga chuma gurudumu linaposhuka. Likipata joto linapanda zaidi, ingawa fundi ananihakikishia kuwa naitrojeni haitanuki. Sasa anataka twende 300. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie. Tena kabla hujamrudishia gari, mwulize ndani ya kila shokapu mna oili mililita ngapi. Sitarajii awe na jibu. Mtu anayetibu kugonga kwa kuongeza presha huwa hajapima oili hata siku moja. Maswali kama lako yananijia mfululizo, na karibu yote yana fundi wa aina hiyohiyo: geji mkononi, mtungi pembeni, na kila tatizo kwake ni presha kuwa ndogo.

Shokapu ya upepo ina marekebisho mawili, na kila moja lina mahali pake. Presha huamua gari lisimame kimo gani. Oili huamua rodi itakutana na nini ikikaribia mwisho wa safari yake. Oili haiminyiki, gesi huminyika. Kwa hiyo kila mililita ya oili unayoongeza inaipunguzia gesi chumba, na gesi yenye chumba kidogo hukaza kwa ghafla rodi inapozama. Hilo tu ndilo fundi wako hajalielewa, nawe unalipia.

Tufanye hesabu ya shokapu kama zako. Rodi ya milimita 32 ikizama milimita 350 inamega nafasi ya mililita 281 hivi. Tuseme shokapu ikiwa imenyooka kabisa gesi ina nafasi ya mililita 450, na uzito unaoiegemea ni kilo 160. Kwa psi 200, gari likitulia rodi itakuwa imezama sentimita 15 na nusu, na ikifika mwisho kabisa itasukuma kwa nguvu ya kilo 316 hivi. Ukipandisha hadi 250, mwisho utapata kilo 390 na ushei. Vizuri, lakini angalia kimo: gari likitulia rodi imezama sentimita 6 tu. Sasa rudi kwenye 200 uongeze mililita 50 za oili. Mwisho unapata kilo 400, na kimo kimebadilika kwa chini ya sentimita mbili basi. (Hapa nimechukulia gesi inaminywa polepole. Ukitua kwa kishindo hupata joto na namba za mwisho hupanda, ila tofauti kati ya njia hizi mbili inabaki.)

Hizo sentimita 6 ndizo zinazokupigia kelele. Gurudumu likikuta shimo linahitaji kushuka, na shokapu yako haina tena mahali pa kushukia. Inanyooka mpaka mwisho, pistoni inagonga kichwa cha bomba. Kugonga kwa chini sasa kumehamia juu. Na huko juu mara nyingi hakuna raba ya kupokea kishindo, kwa hiyo kinachoumia ni sili, boliti na masikio yaliyochomelewa kwenye fremu. Kulala kwenye kona kunatoka hukohuko: gari limeinuka, na uzito umepanda nalo. Ukienda 300 utayaongeza yote mawili.

Dawa yako ni kurudi 200, au hata chini kidogo, kisha kufanya kazi na oili. Inua gari lisimame kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake, magurudumu yaning'inie. Iache shokapu wima kwa muda ili povu litulie, kisha toa gesi taratibu sana ukiwa umekinga macho, maana oili hutoka nayo kama mvuke. Geji ikisoma sifuri ndipo ufungue. Ongeza mililita 10 hadi 15 kwa mara moja, zisizidi, na uisukume rodi juu na chini polepole kutoa mapovu. Kabla ya kurudisha valvu, zamisha rodi mpaka mwisho kabisa. Oili ikichungulia kwenye tundu la valvu rodi haijafika, umezidisha. Ukiifunga hivyo siku moja itajifunga kabisa kabla ya mwisho wa mwendo, na bagi litatua juu ya nguzo ya oili badala ya gesi. Nimeona rodi zilizopinda kwa sababu hiyo, zikiwa na sili mpya kabisa.

Kujua kama umepatia, valisha pete nyembamba ya mpira kwenye rodi, isukume ikae chini ya sili, halafu kaendeshe njia yako ya kawaida. Pete itabaki pale rodi ilipozama zaidi. Mimi hupenda kuikuta imebakiza sentimita moja au mbili za mwendo baada ya pigo kubwa kuliko yote ya siku hiyo. Ikiwa imebakiza sentimita kumi, oili imezidi na mwendo ulioununulia hela huutumii. Hiyo pete ni bei ya bure, na sijui kwa nini wengi wanaona bora kusikiliza kwa sikio.

Kuna wanaoomba namba: "Wewe mwenzetu, nipe psi za bagi lako." Ni kuazima miwani ya jirani kwa kuwa yeye anaona vizuri. Shokapu ikifungwa katikati ya mkono wa gurudumu hubeba karibu mara mbili ya uzito ambao ingebeba ikifungwa karibu na gurudumu lenyewe. Mabagi mawili ya uzito mmoja yanaweza kuhitaji presha zilizoachana mbali kabisa, na hata kwenye bagi moja mbele na nyuma hazifanani, hasa injini ikiwa nyuma. Anayekupa namba bila kuuliza shokapu imefungwa wapi na rodi ni nene kiasi gani anakubahatishia.

Sasa hilo la naitrojeni kutotanuka. Naitrojeni hutanuka kwa joto kama gesi nyingine. Hewa unayovuta yenyewe ni naitrojeni asilimia 78, basi ingewezekanaje ibadilike tabia kwa kuingia mtungini? Shokapu iliyojazwa psi 200 ikiwa na nyuzi 20, ikifika nyuzi 90 itasoma karibu psi 250. Angalia: ni zile 50 alizokuongezea fundi, joto linakuletea bila kuombwa. Ndiyo maana gari linapanda ukishaendesha. Presha hupimwa shokapu ikiwa baridi na imenyooka, na usiipime kila asubuhi, kwa sababu nafasi ya gesi ni ndogo na kila ukichomeka geji ya kawaida unapoteza kiasi. Joto hilo pia ndilo mpaka wa shokapu hizi. Ndani yake oili na gesi havina ukuta wa kuvitenga. Ukikimbia kwa kasi kwenye matuta mfululizo vinakorogeka kuwa povu, na povu halizuii rodi. Kwa kupanda mawe polepole sina neno nazo. Kwa anayetaka mbio, namwambia mapema akatafute shokapu za springi zenye chumba cha gesi kilichotengwa, asije akatumia msimu mzima kutafuta psi isiyokuwepo.

Naitrojeni tunaitumia kwa sababu ni kavu na haina oksijeni. Upepo wa kompresa huja na unyevu unaokaa ndani na kula chuma, na oksijeni yake huichakaza oili iliyopata joto.

Na hapa nawaandikia wote, hata wasio na bagi. Kompresa ya kawaida ya gereji huishia karibu psi 150. Ukiambiwa shokapu ilijazwa "upepo tu" hadi 250, uliza huo upepo ulitoka mtungi gani. Wapo wanaochomeka mtungi wowote uliosimama karibu, pamoja na ule wa oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inaweza kuwaka yenyewe, bila cheche, ndani ya bomba la chuma ulilolikumbatia. Mtu akikuambia amefanya hivyo mara nyingi na hakuna kilichotokea, chukua gari lako uondoke. Hata kwa naitrojeni yenyewe, mtungi uliojaa una presha ya psi 2,000 na zaidi. Asiye na regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, asiuguse, na asiyejua kuitumia ni hivyohivyo. Wala shokapu yenye gesi haifunguliwi kwa spana ati "ipumue kidogo", maana kichwa kikichomoka hakichagui pa kwenda.

Kama hujui fundi wako alitia gesi gani, usiendeshe wala usichomelee kitu karibu na shokapu hizo. Zipeleke zote nne kwa mwenye vifaa, zitolewe gesi, zimwagwe oili yote, zioshwe na kubadilishwa sili, ndipo uanze upya na psi 200 na kikombe cha kupimia. Na uandike kwa kalamu ya rangi juu ya kila bomba mililita zilizoingia, maana atakayezifungua baadaye hataweza kuzikisia kwa macho.