Jaribio la Java linalofeli mara moja moja: achana na Thread.sleep

Kama jaribio lako linafeli mara moja moja kwa sababu linasubiri uzi wa pili (thread, yaani kazi inayoendeshwa sambamba nalo) kwa Thread.sleep, amri ya kusimama kwa muda uliopangwa, kuipandisha kutoka milisekunde 500 hadi 2000 hakutibu kitu, ndugu. Unakisia tu kwamba uzi wa pili utakuwa umemaliza. Kwenye laptopu yako unawahi, kwenye seva iliyoelemewa hauwahi. Tumia CountDownLatch, kifaa cha Java kinachoufanya uzi mmoja usubiri hadi mwingine utoe ishara: uzi wa pili uite countDown(), ndiyo ishara yenyewe, ndani ya finally (sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea), na jaribio lisubiri kwa await(5, TimeUnit.SECONDS). Kazi ikiisha linaendelea papo hapo. Hizo sekunde 5 ni kikomo tu. Tena nyaraka za Java zinahakikisha kuwa yote yaliyofanywa na uzi kabla ya countDown() yataonekana await() ikisharudi kwa mafanikio, ahadi ambayo sleep haina kabisa.

Angalia hapa lakini: muda ukiisha, await inarudisha false bila kurusha kosa lolote, kwa hiyo iweke ndani ya assertTrue, ukaguzi unaolifelisha jaribio jibu likiwa false. Na ukaguzi wa matokeo ufanyie kwenye uzi wa jaribio lenyewe. Ukiuweka kwenye uzi wa pili, ukianguka JUnit (zana inayoendesha majaribio) haina habari, na jaribio linaonyesha kijani wakati kazi imeharibika. Likizidi kuyumba hata baada ya hayo, chunguza msimbo unaojaribiwa.